Tusiuze Masikio Yetu kwa Posho ya Kelele



Siku moja baada ya mavuno tulikwenda Dzaleka, wilaya ya Dowa, kuzungumza na wenzetu habari ya ujira. Tulikaa watu kumi na sita chini ya mwembe. Tulikwenda na ajenda ya ujira, tukarudi na ajenda ya masikio, na makala haya yanaeleza kwa nini.

Walikuwapo ndugu watatu waliokaa pamoja upande mmoja. Kila tuliposema jambo walitutazama midomoni, si machoni. Wengine walipocheka, wao walicheka baadaye kidogo, kama mtu anayefuatisha wimbo asioujua. Tulipowauliza swali walinyamaza mpaka jirani awaguse bega. Wawili kati yao ni waendeshaji wa mashine za kusaga mahindi, zile ambazo wenyeji wetu Wachewa huziita chigayo. Wa tatu ni mchomeleaji wa vyuma. Hakuna hata mmoja aliyefika miaka hamsini. Basi tukaweka kando habari ya ujira, tukauliza habari hiyo nyingine, na ndipo tulipoambiwa kisa cha vidole.

Kisa ni hiki. Kijana mmoja alikuwa akisafisha chujio la mashine ya kusaga, mkono wake umo ndani. Mashine yake ilikuwa imezimwa, lakini mashine ya jirani ilikuwa inaunguruma hatua tatu tu kutoka hapo. Mwendeshaji akasogea kwenye swichi. Kijana akamwona, akapaza sauti, "Wacha! Wacha!" Mwendeshaji akasikia, "Washa! Washa!" Akawasha. Kijana amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Mwendeshaji huyo si mlevi wala si mzembe. Ni mtu wa makamo, ana watoto, watu wa mtaa wake wanamheshimu, na tangu siku ile hali vizuri wala halali vizuri. Yeye ni mmoja wa wale watatu waliokuwa wakitutazama midomoni.

Sasa tunafika mahali panapotuuma sisi wa chama. Ndugu huyu hakuharibikia masikio kwenye mashine ile. Alikuwa kibarua wa msimu Lilongwe, katika kiwanda kimoja cha eneo la Kanengo, misimu minane, karibu na mafeni na mikanda ya kubebea majani. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, naye alirudi, na masikio yake yakiwa tayari yamekwisha. Na katika kiwanda kile, ambacho hatukitaji jina, waliokaa kwenye meza ya majadiliano na mwajiri ni sisi. Tulilalamika juu ya kelele. Mwajiri alisikiliza. Baada ya siku mbili tukatoka na posho ya kelele, kwacha kadhaa kwa kila siku ya kazi. Tulipiga makofi. Tuliwatangazia wanachama kwamba tumeshinda. Hakuna jozi moja ya vizibo vya masikio iliyonunuliwa, hakuna feni moja iliyotiwa mpira chini ya miguu yake, na sisi hatukuuliza.

Leo tunasema wazi kwamba tulikosea. Posho ya kelele maana yake ni hii: mwajiri anakubali kwamba kelele ipo, anakubali kwamba inaumiza, halafu ananunua ruhusa ya kuendelea kuumiza. Na muuzaji wa ruhusa hiyo alikuwa chama cha wafanyakazi wenyewe.

Wengi wetu tulimaliza shule ya msingi tu, na mambo ya sikio hatukufundishwa. Imetubidi tuwaulize wanaojua. Wametueleza kwamba ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma yake, mna mfereji mdogo uliojikunja kama gamba la konokono, nao umejaa maji maji. Humo mna chembe zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 katika kila sikio. Sauti ikiingia vinyweleo hutikisika, na mtikisiko huo ndio unaopelekwa kwenye ubongo. Fikirini shamba la mtama. Upepo wa kawaida unapita, mtama unainama, unainuka tena. Upepo mkali ukivuma kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, mtama unalala na hauinuki. Tofauti ni kwamba mtama utapanda mwingine msimu ujao. Chembe hizi kwa binadamu zikifa hazioti tena. Wataalamu wanasema kuku huota nyingine. Kuku ametuzidi hapo.

Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Ndiyo maana mfanyakazi aliyeanza kuharibika masikio hukataa kwamba ameharibika. Anasikia gari, anasikia ngoma, anasikia sauti nene ya mwanamume mwenzake. Lakini ndege asubuhi hawasikii, mtoto wa kike akimwita hasikii vizuri, na herufi kama s, f, sh na ch zinamchanganya. Ukisema "fika" hajui kama umesema "shika" au "pika". Atakwambia, "Nakusikia, ila husemi wazi." Kati ya "wacha" na "washa" tofauti ni sauti moja, na ni ya jamii hiyo hiyo inayotangulia kupotea.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kiasi kinachokubaliwa na wataalamu wengi wa afya ni desibeli 85 kwa muda wa saa 8. Hesabu yake si kama hesabu ya kilo. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unaofaa kukaa hapo bila kinga hupungua nusu. Kwa desibeli 88 ni saa 4. Kwa 91 ni saa 2. Kwa 94 ni saa moja. Kwa 97 ni nusu saa, na kwa 100 ni dakika 15 tu kwa siku nzima. Mashine ya kusaga yenye nyundo za chuma hupita 90 bila taabu. Msumeno wa injini wa kukatia miti hupita 100, na trekta la zamani lisilo na kibanda cha dereva halikai mbali na hapo. Sasa mtu afanye hesabu mwenyewe: kazi ya desibeli 94, saa 10 kwa siku, siku 6 kwa juma.

Asiye na kipimo atumie mkono wake. Simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Ikiwa inakubidi upaze sauti ili akusikie, basi mahali hapo kelele imefika kiwango cha kudhuru au imekipita. Na ukitoka kazini jioni masikio yakalia kama nyenje, au dunia ikawa kama umejifunika blanketi kichwani, hilo ni onyo. Asubuhi utaamka mlio umekwisha, utasema umepona. Hujapona. Mtama umeinama tu, na siku moja hautainuka.

Tuliyajua hayo yote, lakini bado hatukujua la kufanya, mpaka tulipozungumza na mlinzi mmoja wa usiku katika maghala ya Kanengo. Kabla ya kustaafu alikuwa mwanajeshi wa miavuli. Malawi nzima inajua kwamba kikosi cha miavuli kiko Salima, kiasi cha kilomita 100 kutoka Lilongwe ukielekea ziwani. Kiswahili chake alikiokota Kongo ya mashariki, katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Sisi tunamwita Sajini, ingawa mwenyewe anasema hakukifikia cheo hicho.

Tulimsimulia kisa cha vidole. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Nani alikagua masikio yake kabla ya kazi?" Tulicheka. Yeye hakucheka.

Akatueleza jinsi mafunzo ya kuruka yalivyokuwa. Watu wanadhani hatari ya askari wa miavuli ni kuanguka tu. Kumbe mazoezi yenyewe ni kelele kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndege za mizigo za propela, kama zile za C-130 ambazo majeshi mengi duniani huzitumia kurushia askari, kelele ya ndani yake hufika kiasi cha desibeli 100. Kwa hesabu tuliyotoa hapo juu, sikio tupu lina dakika 15. Lakini kupanda, kungoja injini zote ziwake, kupaa na kuzunguka mpaka ndege ifike juu ya uwanja wa kurukia ni muda mrefu kuliko huo. Halafu mlango unafunguliwa, na juu ya kelele ya propela unakuja mvumo wa upepo. Hapo hata mtu akikupigia kelele sikioni husikii kitu.

Basi wanafanyaje? Kwanza, vizibo vya masikio hutolewa chini, mahali penye utulivu, mikono ikiwa safi, kabla ya mtu kuvaa kofia ya chuma. Ukishavaa kofia na kufungwa mikanda, huwezi tena kuweka kizibo vizuri. Pili, anayesimamia kuruka hupita kwa kila askari na kumkagua: kofia, mikanda, ndoano, masikio. Masikio yamo katika orodha ileile ya mwavuli. Aliyepoteza kizibo hapandi mpaka apewe kingine. Alituambia hata mafua hukaguliwa, kwa sababu pua ikiziba, hewa haipiti vizuri kwenda sikioni wakati ndege inapopanda na kushuka, na ngoma ya sikio huweza kuumia. Mwenye mafua habishi. Anabaki chini.

La tatu ndilo lililotufungua macho. Tulimwuliza, "Sasa kama kila mtu ameziba masikio, amri anaisikiaje?" Akasimama palepale kwenye kibanda chake cha ulinzi, akatuonyesha. Mikono miwili ikiinuka kutoka chini, viganja juu: simameni. Vidole viwili vilivyokunjwa kama ndoano, vikipanda na kushuka: fungeni kamba za miavuli kwenye waya uliopita juu ya vichwa. Viganja vikipigwa kifuani: kagueni vifaa. Viganja nyuma ya masikio: toeni hesabu. Hapo askari wa mwisho nyuma anampiga wa mbele yake begani, na yule anampiga wa mbele yake, mpaka wa kwanza amwonyeshe msimamizi ishara ya kwamba wote wako tayari. Watu wengi, mita 300 hivi juu ya ardhi, mlango wazi, na hakuna amri inayotegemea sikio peke yake. Amri ya mdomo hutolewa pia, lakini kazi imekwisha kuhamishiwa mikononi.

Ndugu zangu, tulitazamana. Miaka yote hiyo, tukiwauliza wenzetu kwa nini hawataki vizibo, jibu kubwa lilikuwa hili: "Nikiziba masikio sitamsikia msimamizi, sitaisikia mashine ikiharibika, nitaumia." Nasi tuliliona ni jibu la haki. Kumbe jeshi lilikutana na swali hilohilo mahali pa hatari kuliko kinu cha mahindi, na halikumwambia askari avue kizibo. Lilibadilisha jinsi ya kutoa amri. Kiwandani tunafanya kinyume chake. Tunaacha amri itolewe kwa mdomo katikati ya kelele, halafu tunalaumu sikio.

Sajini alituonya tusilisifu jeshi kupita kiasi. Alisema hivi: "Jeshi halinipi kizibo kwa huruma. Mimi nimefundishwa kwa gharama. Nikishindwa kusikia amri usiku nitaua wenzangu. Sikio langu ni kifaa chao." Maneno hayo tumeyafikiria sana. Askari akiharibika, wakubwa wake wanapata hasara. Kibarua wa Kanengo akiharibika, nje ya geti asubuhi wamesimama wengine tele wakingoja ganyu. Mwajiri hana hasara. Hiyo ndiyo tofauti, wala si teknolojia wala si fedha, maana vizibo vya sponji vikinunuliwa kwa boksi, jozi moja haifiki bei ya chupa ya soda. Na kwa kuwa hasara haimwangukii mwajiri yenyewe, ni kazi ya chama kuhakikisha inamwangukia.

Lakini tusikimbilie vizibo tu. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 148, unaohusu hewa chafu, kelele na mtikisiko kazini. Mkataba huo unaweka mambo kwa utaratibu. Kwanza kelele ipunguzwe kwenye mashine yenyewe, tangu inapoundwa na inapofungwa. Kama haitoshi, kazi ipangwe upya, pamoja na kupunguza saa za mtu kukaa kwenye kelele. Vifaa vya kuvaa vinakuja baada ya hapo, navyo ni mwajiri anayevitoa. Mfanyakazi apimwe afya yake bila kulipa. Na akionekana hafai tena kukaa kwenye kelele, atafutiwe kazi nyingine au njia nyingine ya kulinda kipato chake, asifukuzwe kama punda mzee. Hapa Malawi tunayo Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya mwaka 1997 inayomtwika mwajiri wajibu wa usalama na afya ya watu wake, na ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 kwa mtu aliyeumia au kuugua kwa ajili ya kazi. Tatizo la kiziwi wa kazini ni kwamba hana damu ya kuonyesha. Vidole vilivyokatika vinaonekana. Sikio linakufa kimya kimya, na mwajiri atasema, "Huyu alizaliwa hivyo," au, "Ni uzee." Ndiyo sababu tunadai kila anayeajiriwa mahali pa kelele apimwe masikio siku anapoanza, na kila mwaka baada ya hapo, na karatasi moja abaki nayo mwenyewe. Lilongwe ipo kliniki ya masikio ya chuo cha African Bible College, na wapimaji wanafundishwa hapohapo. Hakuna tena wa kusema kwamba kipimo kiko Ulaya.

Kwenye mashine, mambo mengi hayahitaji injinia. Bomba la moshi lisilo na kizuia sauti, litiwe, na mdomo wake uelekezwe nje, mbali na watu. Bolti zilizolegea zikazwe, maana bati linalopigapiga ni kelele ya bure. Mpira wa tairi kuukuu chini ya miguu ya mashine hupunguza mtikisiko. Injini itengwe na mahali pa kumwagia mahindi kwa ukuta wa matofali. Na akina mama wanaongoja unga, wengi wao na watoto mgongoni, wasingojee ndani. Mtoto mchanga hana posho ya kelele.

Kwa kizibo cha sponji, tumeona wengi wanakitia vibaya, kisha wanasema hakifai. Osha mikono kwanza, kwa sababu unga, grisi na vumbi la tumbaku vikiingia sikioni huleta usaha. Kisokote kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono mwingine juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kisha kiingize na ukishikilie kwa nusu dakika hivi mpaka kitanuke. Sauti yako mwenyewe ikisikika nzito kama unasemea ndani ya mtungi, kimekaa. Kikining'inia nje kama pambo, hujavaa kitu. Pamba tupu haisaidii, wala karatasi, wala kichungi cha sigara. Na usikivue katikati ya kelele ili kupiga soga. Dakika chache hizo hula faida ya siku nzima. Kwa msumeno wa injini na kusaga vyuma, vaa na vifuniko vya masikio juu ya vizibo.

Kuna wanaotuambia masikio yao yamezoea. Sikio halizoei. Ukiona kelele ya mwaka wa kwanza haikusumbui tena mwaka wa tano, si kwamba umekuwa hodari. Ni kwamba huisikii yote. Na kuna vijana wanaoona aibu kuvaa vizibo, wanasema ni mambo ya waoga. Tunawapeleka kwa Sajini. Mtu aliyejitupa kutoka kwenye ndege mara nyingi kuliko alivyokwenda Blantyre hakuona aibu.

Sasa habari ya wenzetu wa Dzaleka. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo wanaishi zaidi ya 50,000, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka mipaka, na mmoja ni juu ya haki ya mkimbizi kuajiriwa. Sisi si wanasheria. Tunachokiona ni kwamba kazi haikukoma kwa sababu ya mpaka huo. Mahindi yanasagwa, milango ya vyuma inachomelewa, mashamba ya tumbaku ya Dowa yanalimwa. Kilichokoma ni mtu wa kukagua. Mkimbizi anayefanya kazi bila karatasi hathubutu kwenda kwa mkaguzi wa kazi, na mwenye mashine anajua hivyo. Na wapo wanachama wetu wenyewe wa Lilongwe wanaosema hao si wetu, wanatuharibia bei. Tunawajibu: mwajiri akipata sikio la bure Dzaleka, hatalipia la kwako Kanengo. Hata ukimchukia jirani yako, hesabu ni hiyo.

Tunajua pia kwamba jambo tunalopendekeza litawaudhi baadhi yenu. Posho ya kelele, kwa udogo wake, ni sukari na sabuni ya mwezi, na mwenye watoto watano hatapenda kusikia chama chake kinataka kuifuta. Tulipolisema hili katika mkutano wa tawi, ndugu mmoja alisimama akasema, "Masikio yangu yamekwisha, niachieni basi hela yangu." Hatukuwa na jibu la haraka. Tumekaa, tumeshauriana, na pendekezo letu ni hili: fedha ile isifutwe, iingizwe katika mshahara wenyewe, isiitwe tena posho ya kelele wala isifungwe na kelele. Mashine ikitulizwa kesho, mshahara usishuke. Halafu kinga ya masikio na upimaji visimame peke yake katika mkataba, kama wajibu wa mwajiri usio na bei. Waliokwisha kuharibika tutawasaidia kufungua madai ya fidia, mmoja mmoja, hata kama itachukua muda. Katika majadiliano yajayo msimamizi atatuambia tena, kama alivyokwisha kutuambia, kwamba sikio halipiti kichwa. Tutamjibu kwamba tumekuja kwa ajili ya sikio, kichwa tutakizungumza zamu nyingine.

Dzaleka hawakungoja majadiliano. Tulirudi kule na Sajini, akakaa na waendeshaji wa mashine alasiri nzima. Wamekubaliana ishara nne za mikono, na mikono miwili iliyokingamana juu ya kichwa ni "zima". Maneno "wacha" na "washa" hayatumiki tena ndani ya kibanda. Anayesafisha chujio anautoa ukanda wa mashine kwanza, anauvaa shingoni mwake, na hakuna anayegusa swichi mpaka yeye mwenyewe aurudishe. Yule kijana wa vidole viwili ndiye aliyechaguliwa kukagua vizibo asubuhi. Anapita kwa kila mmoja, anavuta sikio, anatazama. Mwendeshaji aliyewasha mashine siku ile huinama ili akaguliwe, kwa kuwa ni mrefu, na kijana hamfikii.